Yai Lililogandishwa Hujaribiwa Siku ya Kuyeyushwa

Wanaoulizia kugandisha mayai ya uzazi huanza na swali moja: yatakaa miaka mingapi? Hilo halina shida. Ndani ya nitrojeni ya kimiminika, kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, yai halizeeki. Hatari iko wakati wa kuingia kwenye baridi hiyo na, zaidi, wakati wa kutoka.

Yai la binadamu ni seli kubwa, karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, na limejaa maji. Maji hayo yakiganda polepole hufanya chembe za barafu, nazo huchana utando na kuvuruga nyuzi laini zinazopanga kromosomu. Ndiyo maana njia ya zamani ya kugandisha polepole, ingawa daktari Christopher Chen wa Australia alitangaza mimba ya mapacha kutokana nayo mwaka 1986, ilikaa miaka mingi bila kuaminika.

Siku hizi yai huloweshwa kwenye dawa inayolipunguza maji, likawekwa kwenye ncha ya kijiti chembamba cha plastiki, kisha likatumbukizwa ghafla kwenye nitrojeni. Hugeuka kama kioo kabla barafu haijapata nafasi. Mjapani Masashige Kuwayama alichangia sana kuieneza njia hii, na mwaka 2012 chama cha wataalamu wa uzazi cha Marekani kikaacha kuiita ya majaribio.

Kuyeyusha ndiko kunakotaka mkono mwepesi. Kijiti hutoka kwenye nitrojeni na kuingia papo hapo kwenye maji yenye sukari, ya nyuzi 37. Ukisita, barafu hujitengeneza njiani. Sukari huzuia maji yasiliingie yai kwa pupa likapasuka. Baada ya dakika moja hivi yai huhamishiwa kwenye maji ya sukari hafifu zaidi. Kwenye hadubini unaliona limesinyaa, kisha linajaa taratibu. Baadaye mbegu moja ya kiume huingizwa kwa sindano, maana ganda la yai huwa limekuwa gumu.

Ustadi wote huo haurudishi umri: yai la mwanamke wa miaka 40 litabaki la miaka 40. Tena si kila linalopona litazaa mtoto. Linaloniuma ni mabinti wanaoanza dawa za saratani, ambazo zaweza kuharibu ovari, bila kuambiwa kwamba wiki kama mbili za sindano zingewawezesha kuhifadhi mayai kwanza.

Kabla hujalipa, kiulize kituo: kati ya mayai mliyoyeyusha wenyewe hapa, mangapi yalipona, na watoto wangapi walizaliwa? Wasipokuwa na jibu, tafuta kituo kingine.