Nondo Ngapi? Uliza Kwanza Ziko Wapi

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, injinia. Umechelewa. Zege la roshani linamwagwa saa nane."

Mwalimu huyu mstaafu anajenga nyumba ya ghorofa moja pembezoni mwa Dar es Salaam, na kila alichonunua kimo kwenye daftari lake: mifuko ya saruji, malori ya mchanga, nondo kwa ukubwa na idadi. Swali lake lilikuwa lile ninaloulizwa karibu kila saiti. Roshani inatokeza mita moja na nusu nje ya ukuta, na fundi amemshauri aongeze nondo ili alale usingizi. Aongeze ngapi?

Tukapanda ngazi ya mbao kwenda kuziona. Nondo zilikuwa nyingi, zimefungwa kwa waya barabara, na nafasi kati ya moja na nyingine imepimwa. Kasoro ilikuwa moja tu: zote zimelala chini, kidole kimoja juu ya mbao. Hata zingeongezwa mara mbili, roshani ile ingekuwa inasubiri tu siku ya kutolewa mirunda.

Nikamwomba kandambili yake moja.

Nawe unaweza kujaribu. Tafuta kandambili yenye soli nene, chora kwa kalamu mistari ya wima kwenye ubavu wa soli, kisha ikunje. Upande mmoja mistari inasogeleana na mpira unajikunyata. Upande wa pili mistari inaachana na mpira unavutika. Kila kinachopinda, liwe tawi la mwembe au sakafu ya benki, hufanya hivyo hivyo: upande mmoja unabanwa, upande wa pili unavutwa.

Zege linapenda kubanwa. Mchemraba wa zege la daraja la 25, wenye milimita 150 kila upande, ukibanwa na mashine ya maabara siku ya 28 unatakiwa ustahimili kama tani 57 kabla ya kupasuka. Livute zege hilo hilo, litakatika kwa takriban sehemu ya kumi tu ya nguvu hiyo. Chuma ndicho kinachovutika bila kukatika ovyo, kwa hiyo tunakilaza ndani ya zege pale panapovutwa. Ndoa yao ina bahati ambayo hakuna mhandisi aliyeibuni: mita moja ya zege na mita moja ya chuma, joto likipanda nyuzi 10, zote hurefuka kwa takriban sehemu ya kumi ya milimita. Kama chuma kingetanuka mara tano ya zege, majengo yetu yangejipasua yenyewe kila jua la mchana.

Sasa itazame boriti iliyoshikwa na nguzo huku na huku. Ikilemewa hushuka katikati, tumbo ndilo linalovutwa, na nondo kuu hukaa chini. Boriti hiyo ikivuka juu ya nguzo na kuendelea chumba cha pili, pale juu ya nguzo mambo yanageuka: mgongo ndio unaovutwa. Roshani imeshikwa upande mmoja tu, ncha yake inataka kushuka, kwa hiyo mgongo wake wote unavutwa. Nondo zake kuu zinatakiwa ziwe juu, tena ziingie mbali ndani ya slabu ya chumba kilicho nyuma yake, zisiishie ukutani.

Simlaumu fundi sana. Sehemu nyingi za slabu alizowahi kufunga zilitaka nondo chini, naye akafanya alichozoea. Hata mmoja wa waanzilishi wa zege lenye chuma hakuwa mbele yake sana. Joseph Monier, mtunza bustani wa Ufaransa, alipata hataza yake mwaka 1867 kwa vyungu vikubwa vya maua vya saruji vyenye wavu wa chuma ndani. Katika slabu zake wavu ulikaa katikati, mahali ambapo mistari ya kandambili haisogei kwa vyovyote. Ilipofika mwaka 1886, mhandisi Mjerumani Matthias Koenen akachapisha njia ya kukokotoa, akionyesha kwamba chuma kina kazi upande unaovutwa. Takriban miaka 20 ilipita kati ya hataza ile na hesabu ya kuuliza chuma kiwekwe wapi.

Tufanye hesabu kidogo. Slabu ina unene wa milimita 150, na nondo zake za juu ni za milimita 12 zilizofunikwa na zege la milimita 25. Kutoka kitovu cha nondo hadi uso wa chini, ule unaobanwa, ni milimita 119. Saidia fundi apite juu yake na toroli, azikanyage zishuke sentimita 5. Zimebaki milimita 69. Nguvu ya slabu dhidi ya kupinda hufuata kipimo hicho, kwa hiyo zaidi ya asilimia 40 imepotea, na wala hakuna nondo hata moja iliyoibwa. Ukizihesabu, zipo zote.

Mfano mkubwa wa kosa la namna hii uko mbali na kwetu. Jengo la maduka la Sampoong mjini Seoul, Korea Kusini, liliporomoka jioni ya tarehe 29 Juni 1995 na kuua watu 502. Lilikuwa na makosa mengi yaliyobebana. Matumizi yake yalibadilishwa baada ya kubuniwa, likaongezewa ghorofa ya tano, na ghorofa hiyo ikapewa migahawa yenye sakafu nzito ya kupashwa joto. Nguzo zilizotakiwa kuwa na kipenyo cha sentimita 80, baadhi zilijengwa za 60. Slabu zilikaa moja kwa moja juu ya nguzo bila boriti, na nondo zake za juu pale kwenye nguzo zilikuwa chini kuliko zilivyochorwa. Kisha, mwaka 1993, viyoyozi vizito viliburutwa kutoka upande mmoja wa paa hadi mwingine. Slabu isiyo na boriti ikizidiwa hutobolewa na nguzo kama karatasi inavyotobolewa na kalamu. Nyufa zilionekana siku ile ile ya kuporomoka, zikakaguliwa, na wakubwa wakaamua duka lisifungwe.

Hayo yote sikumweleza Mwalimu pale juu ya ngazi. Nilimwambia tu kwamba saa nane haitawezekana.

Daftari lina kazi yake, hata hivyo, kwani maswali ya idadi yana mitego yake. La kwanza: nondo za 16 zimeadimika dukani, naweza kuweka za 12? Unaweza, ila kwa kuhesabu eneo la mkato, si kwa kulinganisha majina. Nondo ya 16 ina milimita za mraba 201, ya 12 ina 113. Nne za 16 zinataka nane za 12, na nane hizo lazima zipate nafasi ya kutosha ili kokoto zipenye katikati yake. Na wale wanaoambiwa kwamba nondo mbili za 8 ni sawa na moja ya 12 wanapunjwa: mbili zinafika 101.

La pili linashangaza wengi. Nondo zikizidi, kuna ubaya gani? Boriti yenye chuma cha kiasi ikizidiwa na mzigo, chuma huanza kurefuka kabla zege halijasagika. Nyufa zinafunguka, boriti inashuka machoni pa watu, milango inakataa kufunga, na walio ndani wanapata muda wa kutoka. Boriti iliyojazwa chuma kupita kiasi haitoi taarifa. Chuma hakichoki, zege la upande unaobanwa ndilo linalosagika, ghafla. Wahandisi hubuni boriti ili kama ni lazima ife, ife polepole. Anayeongeza nondo kwa kukisia, hata kwa nia njema, anaweza kuwa ameondoa kengele.

"Nataka sebule kubwa, isiyo na nguzo katikati." Hili siku hizi linatoka kwenye picha za simu. Mababu zetu wa pwani walilijibu zamani kwa mti. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar ni virefu lakini vyembamba, takriban mita tatu au pungufu, kwa sababu paa na sakafu zilibebwa na miti ya mikoko, na mkoko una mwisho wake. Neno boriti lenyewe tumelirithi huko: ni jina la mkoko wa unene fulani, na nguzo ni jina la mkoko mnene zaidi. Zege limetufungulia upana, lakini kwa bei. Urefu kati ya nguzo mbili ukiongezwa mara mbili kwa mzigo ule ule wa kila mita, nguvu inayoipinda boriti huwa mara nne. Ukiiacha boriti na kimo kile kile, kushuka kwake katikati huwa mara 16. Dawa yake si unene bali kimo. Shika rula ikiwa imelala na uipinde, kisha isimamishe kwa ubavu ujaribu tena. Boriti ikiongezwa upana mara mbili, ukaidi wake wa kupinda huwa mara mbili. Ikiongezwa kimo mara mbili, huwa mara nane. Ndiyo maana sebule ya mita 8 inaletewa boriti yenye kimo kikubwa inayoning'inia darini, na mwenye nyumba analalamika kwamba imeharibu gipsamu yake.

Halafu kuna swali la kuongeza ghorofa. Tangu Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilipoanguka na kuua watu 36, naona watu wanalianza kwa neno "salama". Salama itategemea nini? Slabu ya sentimita 15 ina uzito wa karibu kilo 375 kwa kila mita ya mraba, na ukuta wa tofali za saruji za inchi sita, pamoja na plasta pande zote, unakaribia tani moja kwa kila mita ya urefu wake. Watu, vitanda na makochi, ambavyo wengi hudhani ndio mzigo, vinakadiriwa kwa kilo 150 hadi 200 tu kwa mita ya mraba. Nguzo ya ndani inayohudumia eneo la mita 4 kwa 4 hupokea tani 15 hivi kila ghorofa. Iliyobuniwa kwa slabu nne inabeba tani 60. Mwenye nyumba akiongeza mbili, zinakuwa 90, na kitako cha nguzo kilichofukiwa chini kinazipokea zote bila mtu kukiona.

Wengine hujibu haraka: "Si mmeweka akiba kwenye hesabu?" Tumeweka. Kanuni za BS 8110 za Uingereza, ambazo wahandisi wengi wa Afrika Mashariki walisomea, huzidisha uzito wa jengo kwa 1.4 na mzigo wa watu na vitu kwa 1.6. Lakini akiba hiyo tayari ina wenyewe: zege lililochanganywa kwa haraka, nguzo iliyoinama kidogo, nondo iliyokanyagwa na toroli. Mwenye nyumba anayeila kwa ghorofa mbili anakula chakula cha wageni waliokwisha kufika.

Maji nitayapitia haraka, ingawa ndiyo yanayoharibu zege jingi kuliko hesabu mbovu. Mwaka 1918, huko Chicago, Duff Abrams alionyesha kwamba nguvu ya zege hutawaliwa hasa na uwiano wa maji na saruji. Mfuko wa kilo 50 ukipewa lita 25, yakiwemo maji yaliyolowesha mchanga, zege linakuwa gumu kumwaga lakini linakuwa zege. Fundi akiongeza ndoo moja ili liteleze kama uji, maji yasiyotumiwa na saruji hukauka na kuacha vitundu. Na kwa sisi tulio karibu na bahari, vitundu hivyo ni njia ya chumvi. Chuma ndani ya zege zuri hakishiki kutu kwa sababu zege lina ualikali mkali, kama magadi, unaokivika ngozi ya kukilinda. Chumvi huivunja ngozi hiyo. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inalipasua zege kutoka ndani, na ndizo nyufa zinazofuata mstari wa nondo katika majengo ya zamani yanayotazama bahari. Vile vipande vidogo vya zege ambavyo mafundi huviita biskuti, vinavyoinua nondo kutoka kwenye mbao ili zege lizifunike, ni vya bei ya chini kabisa katika jengo zima na ndivyo vinavyosahaulika kuliko vyote.

Mwalimu alikuwa na swali moja la mwisho: michoro si ilitoka kwenye kompyuta? Ilitoka. Programu imemaliza kwa dakika hesabu ambazo walionitangulia walizifanya kwa siku kadhaa, na kwenye karatasi yangu nondo za roshani zimo juu, kwa rangi nyekundu. Programu inaamini inachoambiwa: kwamba slabu imeshikwa pale, kwamba udongo ni mgumu hivi, kwamba nondo iko milimita 119 kutoka chini. Haijawahi kupanda ngazi ya mbao.

Zege liliahirishwa kwa siku mbili. Fundi alinung'unika, kisha akakata vipande vya nondo ya 10 na kuvikunja viti vya kubebea wavu wa juu, akatandika mbao za kupitia toroli ili mguu wa mtu usiguse chuma. Niliporudi asubuhi ya kumwaga, nilimkuta Mwalimu amechutama kwenye roshani, kandambili ameziacha pembeni, rula ya shule mkononi. Anapima kutoka mbao hadi nondo, kiti kwa kiti, na kuandika kwenye daftari.

"Hapa pana mia na tano," akaniambia bila kuinua kichwa. "Fundi, njoo."