Sili, Mbwa na Kichaa katika Pwani ya Kusini

Tangu kiasi cha mwaka 2021, waogeleaji na wapanda mawimbi wa Cape Town, na wa fuko nyinginezo za jimbo la Rasi ya Magharibi huko Afrika Kusini, walianza kushuhudia jambo lisilo la kawaida: sili, mnyama wa bahari mwenye manyoya, ambaye aghalabu humkwepa binadamu au humchungulia kwa mbali, akawa akiwafukuza watu majini na kuwauma bila ya kuchokozwa. Wako waliodhani ni njaa, na wako waliodhani ni sumu itokanayo na mwani. Illa mwezi wa Juni 2024 uchunguzi wa bongo za sili waliokufa ulibainisha kuwa ni kichaa cha mbwa, na bongo zilizokuwa zimehifadhiwa zikadhihirisha kwamba maradhi hayo yalikuwamo tangu 2022 kwa uchache. Kabla ya hapo, wanazuoni walimjua sili mmoja tu aliyethibitishwa kuwa nayo, mwaka 1980, huko Svalbard katika milki ya Norway.

Yamkini asili yake ni bweha, ambao huvizia watoto wa sili ufukoni. Virusi vya ugonjwa huu hukaa mateni, huingia kwa jeraha, kisha hufuata mishipa ya fahamu taratibu hadi ubongoni. Na kwa kuwa sili hulala wamebanana kwa maelfu, wakigombana na kuumana, maradhi yakishaingia hayakosi njia. Ajabu ni kwamba ugonjwa umfanyao mwanadamu aogope hata bilauri ya maji umepata makao kwa mnyama wa baharini.

Sili wa pwani ile, kutoka Angola hadi Afrika Kusini, hukadiriwa kuwa kiasi cha milioni 2, wala hakuna hila ya kuwachanja wote. Kwa rai yangu, basi, ulinzi hauanzi kwa sili bali kwa mbwa, maana yeye ndiye apitaye baina ya ufuko na nyumba, akanusa mzoga asubuhi na kulamba mikono ya watoto jioni. Sheria ya Afrika Kusini imekwisha kuwajibisha wenye mbwa kuwachanja. Na kwamba chanjo hiyo yafaa, Pemba ni shahidi, ambako kichaa kiliondoka 2014, kikarejea 2016, kikaondolewa tena 2018.

Mbwa aliyechanjwa naye na afungwe kamba ufukoni. Sili aliyelala mchangani si lazima awe mgonjwa, kwani wazima pia hupanda kupumzika, na wale wenye huruma wamwagiao maji au kumsukuma baharini humsumbua bure na kujitia hatarini. Wa kutiliwa shaka zaidi ni yule awaandamaye watu, au atetemekaye uso. Lakini utulivu nao si dhamana, na afadhali kila sili aachiwe nafasi.

Aliyeumwa na aoshe jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo muda wa dakika 15, hata likiwa mkwaruzo, kisha aende hospitali siku ile ile akapate chanjo na, tabibu akiona haja, dawa ya kingamwili. Kwani dalili zikishadhihiri, tiba karibu haipo. Mbwa aliyeumwa naye hupelekwa kwa daktari wa mifugo kuongezewa chanjo na kuangaliwa kwa miezi kadhaa, maana ugonjwa huu huweza kujificha muda mrefu baada ya kidonda kupona.