Je, Wajua? Video Nyepesi Ndiyo Nzito Kuhariri

Je, wajua kwamba faili dogo la video mara nyingi ndilo linaloichosha kompyuta? Kamkoda nyingi za HD hurekodi kwa mfumo wa AVCHD, uliotangazwa na Sony na Panasonic mwaka 2006, wenye mbano wa H.264. Kamera haihifadhi kila fremu kamili. Huweka moja kamili, na kwa zinazofuata huandika mabadiliko tu: mkono umesogea, mtandio umepepea, ukuta uko vilevile. Mhariri akisimama katikati ya kundi hilo, kompyuta hulazimika kurudi kwenye fremu kamili, ikokotoe mabadiliko yote, ndipo imwonyeshe picha moja tu. Ni papa ng'onda huyo: mwepesi kubeba, lakini hapikiki mpaka alowekwe.

Je, wajua kwamba dawa yake ni kulivimbisha faili? Kodeki ya ProRes, iliyotolewa na Apple mwaka 2007, huifanya kila fremu ijitegemee. Saa moja ya AVCHD ya megabiti 24 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 11. Saa hiyohiyo ikigeuzwa kuwa ProRes 422, kwa fremu 25 kwa sekunde, hufika gigabaiti 55 hivi. Ubora hauongezeki hata chembe, ila mkasi unakata bila kukwama. Asiye na diski kubwa atengeneze nakala ndogo za kufanyia kazi. Programu itazirejesha picha halisi wakati wa kutoa kazi ya mwisho.

Je, wajua kwamba kushusha ubora ili kadi isijae hakuipi kompyuta nafuu ya maana? Mbano ni uleule. Tena kamkoda nyingi, zikiwekwa kwenye ubora wa chini, hurekodi upana wa pikseli 1440 badala ya 1920, na picha hunyooshwa baadaye. Programu isipoarifiwa, bwana harusi mwenye kitambi hutoka mwembamba, na huenda akashukuru. Weka ubora wa juu kabisa na ununue kadi ya pili.

Na kadi yenyewe? Megabiti 24 ni megabaiti 3 tu kwa sekunde. Kadi ya Class 4, inayohakikisha megabaiti 4, inatosha kabisa, hata muuza duka aseme nini. Mambo hubadilika kwa 4K ya megabiti 100: hapo zinahitajika megabaiti 12.5, Class 10 haina uhakika tena, tafuta yenye alama ya V30.

Je, wajua kwamba herufi moja kwenye menyu inaweza kukupunguzia usiku mzima wa kazi? 50i hugawa kila picha nusu mbili, mistari ya shufwa na ya witiri, zikipishana kwa sehemu ya 50 ya sekunde. Kwenye televisheni za zamani ilifaa sana. Kwenye kompyuta, mcheza ngoma akizunguka, kingo zake huchanika mistari. Chagua p: 25p, au 50p iliyoingizwa rasmi katika AVCHD mwaka 2011. Binafsi naipenda 50p, kwa sababu ukiiweka kwenye mradi wa fremu 25 unaweza kupunguza mwendo mara mbili, na bi harusi akaingia ukumbini taratibu bila picha kurukaruka.

Je, wajua kwa nini kamkoda uliyoletewa na shangazi kutoka Marekani hupepesa taa za ukumbini? Umeme wa kule hugeuka mara 60 kwa sekunde, wa Afrika Mashariki mara 50, na kamera hufuata kwao. Televisheni Zanzibar, iliyoanza na picha za rangi miaka ya sabini, ilifuata mfumo wa 50. Tiba ni kuweka shata ya 1/50 au 1/100. Shida iliyobaki ni kuichanganya na kamera ya fremu 25 katika harusi moja: yake si hata 30 kamili bali 29.97, urithi wa televisheni ya rangi ya Marekani ya mwaka 1953. Kamera zote ziafikiane kabla ya bendi kuanza.

Simu nyingi hubadilisha idadi ya fremu kadiri mwanga unavyobadilika. Ndiyo maana, ukiihariri video ya simu, sauti huweza kuachana na mdomo polepole.

Je, wajua kwamba kamera nyingi za picha za mnato zilikuwa zikikata video kwenye dakika 29 na sekunde 59 kwa sababu ya ushuru? Ulaya iliitoza zaidi kamera inayorekodi nusu saa au zaidi, ikiihesabu kuwa ya video. Kamkoda haina kikomo hicho, na wazee wetu wa hotuba wanajulikana.

Ila nayo hukata kwa namna yake: kwenye kadi za hadi gigabaiti 32, faili halizidi gigabaiti 4, kwa hiyo rekodi ndefu hugawanywa vipande. Kopi folda zima la AVCHD, usichomoe mafaili ya MTS peke yake. Maelezo ya kuviunganisha vipande yamo katika mafaili mengine, na ukiyaacha, fremu chache zinaweza kupotea kwenye kiungo, pengine palepale bwana harusi anapomjibu kadhi, “Nimekubali.”