Sukari ya damu na telefone yako

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayepika bukari nyumbani: mwenye ugonjwa wa sukari anatunzwa kwa hesabu. Tangu zamani munganga anatoa kadi ya karatasi ili uandike sukari yako. Kadi hiyo ingali nzuri. Lakini siku hizi kuna programu za telefone za kazi hiyohiyo. MySugr, iliyotengenezwa Vienna katika inchi ya Austria, ni moja. Unaandika sukari, saa, chakula na sindano ya insulini. Programu inachora mstari, na munganga anaona mara moja ni saa gani sukari inapanda.

Lakini angalia kwanza kipimo! Mashine moja inahesabu miligramu kwa desilita, nyingine milimoli kwa lita, na karatasi ya laboratwari pengine gramu kwa lita. Sukari ileile moja ni 180, ni 10, ni 1,8. Mtu anaona 18 za milimoli, anafurahi kwamba ni kidogo, kumbe ana 324 za miligramu! Basi, siku ya kuanza, peleka telefone na mashine pamoja hospitalini. Muuguzi alinganishe kipimo.

Halafu saa. Lubumbashi, Likasi na Kolwezi ziko saa moja mbele ya Kinshasa. Hakikisha telefone yako inajua uko wapi. Na wewe wa kazi ya usiku, sikiliza vizuri. Saa kumi na mbili asubuhi programu inaweza kuandika «kabla ya kula», kumbe ulikula saa kumi. Munganga asiyejua ataona sukari ya juu, ataongeza insulini, na kesho sukari itaanguka ukiwa kwenye usukani wa lori. Kwa hiyo, kando ya kila hesabu andika: «kazi ya usiku», na saa uliyokula.

Programu nyingine inakuambia hata insulini ya kupiga. Usiifuate mpaka munganga mwenyewe ameipanga kwa ajili yako.

Je, unatetemeka, unatoka jasho baridi, moyo unapiga mbio? Simamisha mashine, mwite mwenzako, pima. Ikiwa chini ya miligramu 70, kunywa gramu 15 za sukari, karibu vijiko vitatu vidogo, katika maji. Ngoja dakika 15, upime tena. Kama huna kipimo karibu, kunywa tu; kuandika kutafuata. Mama, mgonjwa akizimia usimtilie kitu kinywani: mlaze ubavu, mumpeleke hospitalini upesi.

Mahali telefone imekatazwa, au betri imekufa, andika kwenye kadi, kisha nyumbani uhamishe. Siku ya kumwona munganga chukua vyote: kadi, mashine, na telefone yenye moto.