Finya 2, agronomu anaitika

Viwavi jeshi havingojei sekretere arudi toka soko. Vikiwa bado vidogo tunaviua bila shida nyingi. Vikishaingia ndani ya moyo wa muhindi, dawa haivifikii vizuri. Ndiyo maana, ndugu walimaji wa Kabongo, tunawaomba mupange telefone ya butoni ya depo, ili hata sentineli asiyejua kusoma aweze kutuita.

Kwanza muandike namba ndani ya kumbukumbu ya telefone yenyewe, si ya SIM kadi, juu mtu akibadilisha kadi, namba zinaenda nayo. Halafu, kwa telefone nyingi, mufinye 2 na kuishikilia: itauliza kama munataka kuweka namba pale. Isipouliza, mutafute «Appels abrégés» ndani ya menyu. 1 muiache, kwa kawaida ni ya ujumbe wa sauti. Zinabaki butoni 8, na zinatosha: 2 agronomu, 3 prezida, 4 veterinere, 5 mwenye lori. (Prezida asikasirike, kiwavi ndicho chenye haraka.)

Mubandike karatasi ya picha ukutani: kiwavi kando ya 2, mbuzi kando ya 4. Kisha sentineli ajaribu yeye mwenyewe, mbele yenu. Na mutie unite kwanza.