Elimu ya Ziwa Tanganyika Isifungiwe Mlango

Askari anayefanya doria katika Ziwa Tanganyika, kutoka ufuko wa Muhuta hadi Rumonge, hutekeleza amri ambazo mara nyingi hazikuanzia kambini. Anapomzuia mvuvi asitumie wavu wenye matundu madogo mno, au anapohakikisha kwamba mitumbwi imekaa nchi kavu wakati uvuvi umesimamishwa, nyuma ya amri hiyo ipo kazi ya watu waliopima joto la maji, waliochunguza mazalio ya samaki na kulinganisha mavuno ya ndagala na mukeke mwaka hata mwaka. Kazi hiyo ndiyo utafiti. Swali linalofaa kuulizwa ni hili: utafiti huo umeandikwa wapi, nani anaruhusiwa kuusoma, na nani ana uwezo wa kuuandika?

Huenda swali hili likaonekana kuwa la maprofesa na wakutubi peke yao. Sivyo hata kidogo. Amri isiyojulikana sababu yake hutiiwa kwa kuogopa bunduki, nayo huvunjwa mara tu doria inapopita. Amri ambayo sababu yake inafahamika hutiiwa hata usiku, pale ambapo hakuna anayeona ila mvuvi na taa yake. Kwa hiyo mlango wa elimu ukifungwa, wa kwanza kuumia ni wale wanaoishi kando ya ziwa na wale waliopewa dhamana ya kulilinda.

Uchukuliwe mfano mmoja. Mwezi wa Agosti mwaka 2003, jarida la Nature la Uingereza lilichapisha makala ya wanasayansi juu ya Ziwa Tanganyika. Walieleza kwamba maji ya juu yamepata joto na kwamba pepo zimepungua nguvu. Katika ziwa lenye kina cha karibu mita 1,470, rutuba nyingi imelala chini, na huhitaji upepo wa kiangazi kuyakoroga maji ili ipande juu, ikuze mimea midogo ambayo ni mwanzo wa chakula cha ndagala. Maji ya juu yakiwa na joto zaidi huwa mepesi, yakaelea juu ya yale ya baridi, wala hayachanganyiki upesi. Wanasayansi hao walikadiria kwamba uzalishaji wa chakula hicho ulikuwa umepungua kwa asilimia 20 hivi, na kwamba mavuno ya samaki huenda yakapungua kwa asilimia 30 hivi.

Habari hiyo iliwahusu watu wa Rumonge na Muhuta kuliko watu wengine wengi duniani. Lakini jarida lililoichapisha lilikuwa wakati huo likisomwa kwa malipo. Msomaji wa Ulaya aliyekuwa katika chuo kikuu chenye fedha aliifungua makala hiyo bila taabu. Afisa wa uvuvi katika pwani ya Burundi, ambaye samaki walioandikwa humo alikuwa akiwaona sokoni kila asubuhi, hakuwa na njia hiyo.

Ili kuelewa jambo hili lilivyotokea, hapana budi kuitazama biashara yenyewe. Mtafiti huandika makala bila kulipwa na mchapishaji. Wataalamu wenzake huisoma na kuisahihisha, nao aghalabu hawalipwi. Kisha mchapishaji huliuza jarida kwa maktaba za vyuo vikuu, na bei yake kwa miaka mingi imekuwa ikipanda. Hivyo umma hugharimia utafiti kwa kodi, halafu hutozwa tena ili kusoma matokeo yake.

Tarehe 14 Februari 2002 wasomi kadhaa walitoa tamko lililopewa jina la mji wa Budapest, ambako walikuwa wamekutana kabla ya hapo. Walitaka makala za utafiti zisomwe na kila mtu kwa njia ya intaneti bila malipo. Huo ndio uchapishaji wa wazi. Mnamo Novemba 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, nalo lilipitisha pendekezo juu ya sayansi iliyo wazi kwa wote.

Lakini gharama haikutoweka, ilihama. Wachapishaji wengi walimfungulia msomaji mlango, wakaanza kumtoza mwandishi. Mwaka 2021 jarida lile lile la Nature lilianza kutoza euro 9,500 kwa makala moja inayochapishwa wazi. Ni wazi kwamba mhadhiri wa Bujumbura hawezi kutoa fedha hizo katika mshahara wake. Pakawa na hatari mpya: dunia nzima iweze kusoma habari za Ziwa Tanganyika, lakini zisiandikwe ila na wageni.

Hapo ndipo mikataba ya maktaba inapoingia. Badala ya kila mwandishi kuhangaika na hati yake ya malipo, maktaba za vyuo vikuu huungana, zikazungumza na mchapishaji kwa sauti moja. Mkataba ukifungwa, maktaba hulipa kiasi kilichokubaliwa, au mchapishaji hukubali kusamehe. Wasomaji wa vyuo hivyo husoma, na waandishi wake huchapisha kwa uwazi bila kutozwa kitu. Mwaka 2019 vyuo vya Ujerumani vilifunga mkataba wa namna hiyo na mchapishaji Wiley. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha California kiliachana na mchapishaji Elsevier baada ya mazungumzo kushindikana, na mwaka 2021 pande hizo mbili zikaafikiana. Funzo lililopatikana ni moja, nalo askari wanalijua tangu siku ya kwanza ya gwaride: safu iliyoshikamana huheshimiwa.

Katika Afrika ya Mashariki safu hizo zipo. Maktaba za vyuo vya Kenya, Uganda na Tanzania zina miungano yake, na hushirikiana na shirika la EIFL, lililoanzishwa mwaka 1999, ambalo hujadiliana na wachapishaji kwa niaba ya maktaba za nchi zinazoendelea. Cambridge University Press ni mmoja wa wachapishaji ambao shirika hilo limepatana nao.

Ama kwa nchi zenye kipato cha chini, ikiwamo Burundi, ipo njia nyingine. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani, pamoja na wachapishaji kadhaa, lilianzisha mpango wa Hinari ili majarida ya tiba yasomwe katika nchi maskini. Ulifuatwa na mpango wa kilimo mwaka 2003 na wa mazingira mwaka 2006, na yote sasa imo chini ya jina la Research4Life. Burundi imo katika kundi la kwanza, ambalo taasisi zake husoma bila kulipa. Taasisi hizo si vyuo vikuu tu. Hospitali, vituo vya utafiti na ofisi za serikali pia huweza kujiandikisha. Daktari anayepambana na kipindupindu, ugonjwa ambao umerudi mara kwa mara katika pwani hii, anaweza kusoma makala ile ile anayoisoma daktari wa London.

Upande wa kuandika nao umefunguka. Majarida mengi yaliyo wazi husamehe ada kwa waandishi wa nchi za kundi hilo. Mwaka 2023 wachapishaji wa Nature walitangaza kwamba tafiti za waandishi kutoka nchi zaidi ya 70 zenye kipato cha chini na cha kati chini zitachapishwa wazi bila ada katika majarida yenye jina hilo. Mwaka huo huo Cambridge ilianzisha mpango wa kuwasamehe waandishi wa nchi na maeneo 107. Jarida lililoandika habari za ziwa mwaka 2003, na ambalo mlango wake ulikuwa umefungwa, sasa limetangaza kwamba mwandishi wa pwani ya ziwa hilo anaweza kuandika humo bila kutoa senti.

Manufaa yake si ya karatasi. Mwezi wa Machi mwaka 2015 maji na udongo vilishuka kutoka mlimani huko Gitaza, katika tarafa ya Muhuta, vikaangamiza watu na kuikata barabara ya Bujumbura hadi Rumonge. Katika maafa kama hayo, polisi na wanajeshi huwa miongoni mwa wanaoitwa mwanzo kuwaokoa watu. Mwaka 2021 uchunguzi juu ya maporomoko ya milima ya Bujumbura, ambao waandishi wake ni pamoja na wataalamu wa Burundi, ulichapishwa katika jarida la wazi liitwalo Geosciences. Kamanda anayetaka kujua ni miteremko ya namna gani hubomoka hahitaji kuomba ruhusa wala kununua chochote ili kuusoma.

Hata hivyo haifai kushangilia kupita kiasi. Kwanza, msamaha huwa na masharti. Kwa kawaida huangaliwa mwandishi mmoja, yule anayeandikiana na jarida kwa niaba ya wenzake. Akiwa ni mgeni wa nchi tajiri, msamaha huweza kupotea, ijapokuwa kazi kubwa ilifanywa na Warundi. Tena mara nyingi msamaha hauyahusu majarida yanayochanganya makala za wazi na za kulipia, isipokuwa pawe na mkataba maalumu. Mtafiti asiyesoma masharti kabla ya kutuma makala yake hujikuta mwishoni ameshikishwa hati ya madai.

Pili, msamaha ni hisani, na hisani huweza kuondolewa. Nchi ikipanda daraja la kipato huenda ikaambiwa ilipe kabla haijawa na uwezo. Ndiyo maana mkataba uliotiwa sahihi na maktaba zilizoungana ni ngao bora kuliko ukarimu wa mchapishaji.

Tatu, wamezuka matapeli. Yapo majarida ya uongo yanayowaandikia watafiti barua za sifa, yakiahidi kuchapisha makala kwa siku chache bila ya kuichunguza, mradi fedha zitumwe upesi. Polisi hawahitaji kufundishwa alama za ulaghai: haraka isiyo na sababu, sifa zisizo na kipimo, na anwani isiyojulikana.

Wapo watakaouliza kama uwazi huu hauhatarishi siri za nchi. La hasha. Mikataba hii haimlazimishi mtu yeyote kuchapisha asichotaka. Inahusu kazi ambayo mwandishi mwenyewe ameamua kuitangaza, na huondoa ada tu. Mambo ya ulinzi hubaki chini ya sheria za ulinzi. Joto la maji na kupungua kwa ndagala si siri ya kijeshi. Ni habari ambazo nchi nne za ziwa hili zinazihitaji kwa pamoja, maana samaki hawaujui mpaka. Burundi, Tanzania, Zambia na Kongo zilitia sahihi mkataba wa kulitunza ziwa mjini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake Bujumbura. Tanzania ilipofunga uvuvi katika ziwa hilo tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, wavuvi wa pwani hiyo walikuwa na haki ya kuelezwa kwa nini miezi hiyo na si mingine. Wavuvi wa Rumonge wana haki iyo hiyo.

Inabakia hatua ya mwisho, ambayo mkataba wowote hauwezi kuitimiza. Makala hizi zimeandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa, ilhali mvuvi wa Muhuta huzungumza Kirundi na Kiswahili. Mlango ukiwa wazi, lazima awepo mtu wa kuingia na kutoka na habari. Mtu huyo aweza kuwa mwalimu, afisa wa uvuvi, au afisa wa polisi aliyepata elimu, anayesoma kisha akawaeleza askari wake kabla ya doria, nao wakawaeleza wananchi ufukoni.

Walinzi wa ziwa wamepewa mashua, darubini na silaha. Wakipewa pia sababu ya amri wanazozitekeleza, ulinzi wao utakuwa imara zaidi. Maktaba zinazofunga mikataba hii hazivai sare wala hazipigi saluti, lakini nazo zimo katika safu ya kulilinda Ziwa Tanganyika.