Mchukuzi na Mkalimani: Maelezo ya Kuunganisha Mitambo ya Mfululizo na Mtandao, kwa Mifano ya Tabora

Mitambo mingi ivutayo maji, ipimayo umeme au ipimayo uzito wa mazao ilitengenezwa iseme kwa waya, herufi baada ya herufi, na mtambo mwingine ulio karibu nayo. Siku hizi wenye mitambo hiyo wataka kuisoma na kuiamuru kutoka mbali, kwa kompyuta iliyo ofisini. Kazi ya kuiunganisha na mtandao aghalabu huelezwa kana kwamba ni kubadili tundu la waya tu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ndani ya kazi hiyo mna kazi mbili zilizo mbalimbali, yaani kuchukua maneno na kuyafasiri, na kwamba azichanganyaye huenda akapata mitambo iliyounganishwa lakini isiyosikilizana. Mifano imetwaliwa Tabora na njia ya kale ya misafara, kwa kuwa mji huo umekuwa njia panda tangu zamani, na kwa kuwa maji unayokunywa leo yatoka mbali sana.

I. Usemi wa mfululizo

Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe katika karne ya 19 ilikwenda kwa safu moja, mpagazi nyuma ya mpagazi, maana njia yenyewe ilikuwa nyembamba. Mbele alitangulia kirangozi. Usemi wa mfululizo wafanana na safu hiyo. Kila herufi hugawanywa kuwa biti, na biti hizo hupita wayani moja moja. Hutangulia biti moja ya kuarifu kwamba herufi yaja. Hufuata biti nane za herufi yenyewe. Kisha mara nyingi huja biti moja ya kukagulia, na mwisho biti ya kufunga. Jumla yake ni biti 11. Pande zote mbili hapana budi zipatane mwendo kabla ya kuanza. Mmoja akisema kwa mwendo wa biti 9,600 kwa sekunde na mwenziwe akasikiliza kwa mwendo wa biti 19,200, huyo wa pili hatasikia ila fujo.

Kanuni za umeme za usemi huo ni nyingi, lakini mbili ndizo zijulikanazo zaidi. Ya kwanza ni RS-232, iliyotolewa Marekani mwaka 1960. Hiyo huunganisha vyombo viwili tu, na urefu wa waya wake kwa kawaida hauzidi meta 15 hivi. Ya pili ni RS-485 ya mwaka 1983. Hiyo hutumia jozi ya nyaya, huweza kufika meta 1,200 ikiwa mwendo si wa haraka sana, na vyombo 32 vya kawaida huweza kukaa juu ya jozi moja.

Vyombo vingi vikishiriki jozi moja ya nyaya, haviwezi kusema kwa wakati mmoja. Reli iliyofika Tabora mwaka 1912 ilikuwa ya njia moja, na treni mbili zilizoelekeana hazikuweza kupishana ila penye stesheni. Vivyo hivyo katika waya huu hupita neno moja tu kwa wakati mmoja, na lazima pawe na mwenye kugawa zamu. Utaratibu wa zamu hizo na wa maana ya maneno huitwa itifaki. Mojawapo iliyoenea mno ni Modbus, iliyotungwa na kampuni ya Modicon mwaka 1979. Chombo kimoja tu ndicho kiulizacho. Vingine vina namba, kuanzia 1 hadi 247, na kila kimoja hunyamaza mpaka kiitwe kwa namba yake.

Katika namna ya Modbus itumikayo zaidi, sentensi haina alama yoyote ya mwisho iliyoandikwa. Mwisho wake hujulikana kwa kimya. Msikilizaji akipitiwa na muda wa herufi tatu na nusu bila kusikia kitu, hujua kwamba sentensi imekwisha. Kwa mwendo wa biti 9,600 muda huo ni elfu nne za sekunde, yaani sehemu 4 katika 1,000. Tena herufi za sentensi moja hazina ruhusa ya kuachana kwa muda uzidio herufi moja na nusu. Kwa hiyo katika lugha hii kimya ndicho nukta, na kimya kikiingia mahali pasipo pake, maana huvunjika.

II. Usemi wa mtandao

Etheneti ilianza mwaka 1973 katika maabara ya kampuni ya Xerox huko California, na kanuni yake ya kimataifa ikatolewa mwaka 1983. Hapa habari haiendi kwa safu moja isiyokatika. Hukatwa vipande viitwavyo pakiti, na kila pakiti huandikwa anwani ya itokako na ya iendako.

Tabora ya misafara yatusaidia kulifahamu jambo hili. Mji ule haukuwa kituo cha kupita tu. Palikuwa ndipo mizigo ilipofunguliwa na kufungwa upya, wapagazi wapya wakaandikwa, na njia zikaachana: hii kwenda magharibi hata Ujiji, ile kwenda kaskazini hata Karagwe na Buganda. Njia moja ikizibwa, msafara uliweza kutafuta nyingine. Mwaka 1871 Mirambo alipoifunga njia ya Ujiji katika vita vyake na Waarabu wa Tabora, msafara wa Stanley ulizunguka kusini, na ingawa ulichelewa, ulifika. Pakiti nazo huenda hivyo. Penye njia zaidi ya moja, moja ikikatika, pakiti huweza kupitishwa nyingine. Ikipotea, hutumwa tena. Na zikifika huku na huku, hupangwa upya kwa taratibu yake ya kwanza.

Ahadi hiyo ni kubwa, lakini ina mpaka wake. Mtandao huahidi kwamba maneno yatafika kamili na kwa mpango wake. Hauahidi kwamba yatafika kwa mwendo yaliotoka nao. Vituo vyaweza kuunganisha sentensi mbili katika pakiti moja, au kuikata moja katika pakiti mbili na kuichelewesha nusu yake. Barua iliyoandikwa haidhuriki kwa hayo, lakini usemi ambao nukta yake ni kimya hudhurika sana.

III. Kazi ya mchukuzi

Chombo cha namna ya kwanza huyatwaa maneno kutoka wayani, huyafunga katika pakiti, huyapeleka, na upande wa pili huyafungua yalivyo. Hakijui maana yake, kama vile mpagazi aliyechukua mtumba wa nguo wa kilo 30 hivi asivyohitaji kujua bei yake. Katika kompyuta ipokeayo huwekwa programu iundayo tundu la kubuni, na programu ya zamani hudhani kwamba ingali imeungwa na mtambo kwa waya wake yenyewe.

Kazi hii yatosha kabisa mahali pengi. Mizani ya ghala la tumbaku itoayo namba moja kila gunia linapopimwa, nayo ikafunga kila namba kwa alama iliyoandikwa, haihitaji zaidi. Tena mchukuzi ana fadhila moja kubwa: aweza kubeba lugha yoyote, hata ile ya siri ya kiwanda kimoja ambayo hakuna mwingine aijuaye.

Taabu huja pale lugha inapotegemea kimya. Sentensi ikikatwa katika pakiti mbili zilizoachana kwa elfu 50 za sekunde, chombo kipokeacho husikia nukta katikati ya sentensi, na nusu zote mbili hutupwa. Dawa yake ni kumwamuru mchukuzi asifunge mzigo mpaka asikie kimya cha kweli, ili sentensi nzima iende katika pakiti moja. Aulizaye naye lazima aongezewe muda wa kungoja jibu, maana waya wa meta 10 hujibu upesi kuliko njia ya kilometa mia. Watu wengi wameulaumu mtambo mzima kwa ajili ya namba moja ya muda iliyoachwa kama ilivyotoka kiwandani.

IV. Kazi ya mkalimani

Chombo cha namna ya pili hujua sarufi. Tangu mwaka 1999 Modbus ina umbo lake la mtandaoni, ambamo kila sentensi hutanguliwa na maneno machache yatajayo urefu wake na namba ya swali. Kwa kuwa urefu umetajwa, kimya hakihitajiwi tena. Mkalimani hulipokea swali katika umbo hilo, huuvua utangulizi wake, huongeza hesabu ya kukagua makosa itakiwayo wayani, hungoja zamu, huuliza, kisha hulirudisha jibu likiwa na namba ile ile ya swali. Wakiuliza watu watatu kwa pamoja, huwapanga foleni. Mchukuzi asiye na utaratibu huo angeyamwaga maswali yote matatu katika waya mmoja, wala pasingekuwa na jibu lolote la kuaminika.

Mkalimani naye ana mipaka yake. Hufasiri lugha azijuazo tu. Wala hauongezi mwendo wa waya wenyewe. Swali la kawaida lina herufi 8, na jibu lenye namba kumi lina herufi 25. Herufi 33 kwa mwendo wa biti 9,600 huchukua elfu 38 za sekunde, mbali na muda wa chombo kufikiri. Vyombo 30 vikiulizwa mara moja moja, sekunde nzima imepita. Basi hata mtandao ungekuwa na kasi ya namna gani, atakaye habari mpya mara kumi kwa sekunde katika waya huo hataipata. Budi auongeze mwendo wa waya, au avigawe vyombo katika nyaya kadha.

V. Njia ndefu, na njia ya hewani

Maji ya Ziwa Victoria huvutwa Ihelele, wilaya ya Misungwi, na mradi wa kuyafikisha Nzega, Igunga na Tabora ulizinduliwa mwaka 2021. Katika bomba la namna hiyo kituo cha pampu na tangi lake huweza kuachana kwa kilometa nyingi. Tangi likijaa na pampu isipate habari, maji humwagika; tangi likiwa tupu na pampu isiamriwe, watu hulala na ndoo kavu. Waya wa RS-485 haufiki huko. Lazima habari ichukuliwe kwa nyuzi za kioo au kwa hewa.

Njia ya hewani ni ya namna nyingi. Waifai ya kawaida yafaa ndani ya kituo. Ikipewa antena zenye kuelekezana hufika kilometa kadhaa, mradi kusiwe na kizuizi kati yake, na miti ya miombo ni kizuizi. Mtandao wa simu hufika palipo na mnara, lakini ucheleweshaji wake hubadilika saa kwa saa. Kwa hiyo, katika njia ya hewani, yafaa mkalimani akae karibu na mtambo, ili usemi wa kimya ubaki katika waya mfupi, na yale yapitayo hewani yawe ni yale yasiyodhurika kwa kuchelewa. Tena amri za lazima, kama kuisimamisha pampu isiyo na maji, zisingoje mtandao. Kidhibiti kilicho pale pale kizitekeleze chenyewe.

Jambo jingine ni radi. Mvua za Tabora, Novemba hata Aprili, huja na ngurumo, na waya mrefu wa shaba huuleta umeme wa radi mpaka ndani ya chombo. Vyombo vyema hutenganisha umeme wa upande huu na wa upande huu. Penye majengo mawili yenye ardhi mbili, nyuzi za kioo ni salama zaidi, maana hazipitishi umeme.

VI. Mlango ulio wazi

Itifaki za zamani hazina neno la siri. Chombo humtii yeyote amwitaye kwa namba, kwa kuwa watungaji wake walidhani kwamba aliye wayani ameingia kwa mlango wenye kufuli. Waya ukiungwa na mtandao, kufuli hilo huondoka. Mwaka 2000, huko Maroochy nchini Australia, mtu mmoja aliyejua mitambo aliiamuru kwa redio mitambo ya maji taka, na lita 800,000 hivi zikamwagika katika mito na viwanja. Kwa hiyo mitambo isiwekwe wazi katika intaneti. Ipitishwe katika njia ya siri, na mkalimani aamriwe kuwakubali wale tu anaowajua. Penye haja ya kusoma tu, akatae amri zote za kubadili.

VII. Juu ya majina

Vyombo hivi viwili hukaa katika makasha yafananayo, tundu la waya upande mmoja na la mtandao upande wa pili, na vyote huweza kuitwa kibadilishi. Neno hilo si kosa, lakini halisemi kinachobadilishwa. Kiswahili kina maneno mawili ya zamani, mchukuzi na mkalimani, nayo yaeleza tofauti ile ile ambayo fundi huijua baada ya kuhangaika. Neno lango lingefaa kubaki kwa mahali pa kuingilia mtandaoni, na mfululizo kwa usemi wa safu moja. Majina haya yakitumiwa katika vyuo vya ufundi na katika hati za manunuzi, mnunuzi ataweza kuuliza swali la kwanza kabla ya kulipa fedha: je, chombo hiki huchukua tu, au hufasiri pia, na kama hufasiri, ni lugha zipi?